Mwanza hadi Kigali: niende na gari langu au nikodi huko? Naomba tofauti za sheria za barabarani

Msafiri wa Ziwani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi Desemba natarajia kwenda Kigali kwenye harusi ya binamu yangu, na nimebaki njia panda. Naweza kuendesha gari kutoka Mwanza kupitia mpaka wa Rusumo, au kupanda basi na kukodi gari nikishafika. Nina miaka 11 barabarani na nimewahi kwenda Kampala bila tatizo lolote, lakini sijawahi kuendesha katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Naomba mnieleze sheria za Rwanda zinatofautiana vipi na zetu, kisha mnishauri.

Mwenda Rusumo

Ndugu yangu, umeuliza swali zuri lakini umeacha mambo ambayo bila hayo hakuna awezaye kukushauri kwa haki. Ni gari gani? Kadi ya gari ina jina la nani? Mko wangapi, na mnakusudia kusafiri mchana au usiku? Umeitaja Kampala, lakini Uganda hupita kushoto kama sisi, kwa hiyo safari ile haikukufundisha lolote kuhusu hii. Mimi nimepeleka mizigo Kigali kwa miaka mingi na usukani wangu uko kulia, kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani. Jibu kwanza maswali hayo.

Dada wa Kimironko

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kigali, na ushauri wangu ni kwamba ukodi huku. Gari la huku lina usukani upande wa kushoto, na mwili wenyewe hukukumbusha mahali unapotakiwa kuwa.

Kuhusu sheria, jambo la kwanza ni mwendo. Nyumbani tumezoea kuiogopa tochi, yaani kifaa cha askari cha kupimia mwendo, na madereva huonyeshana kwa taa kwamba askari yuko mbele. Huku kuna kamera ambazo wenyeji huziita Sofia, nyingine zimesimikwa na nyingine huhamishwa, na haziangalii wewe ni mgeni au mwenyeji. Mabasi na malori ya huku hufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 60 kwa saa, ilhali mabasi ya kwetu yanaruhusiwa 80 nje ya makazi. Ukijikuta nyuma ya basi linalopanda mlima taratibu, vumilia, usidhani dereva wake amelala.

Jambo la pili ni umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, watu hufanya kazi za kijamii na magari binafsi hayatakiwi kuzurura barabarani. Kama harusi imeangukia Jumamosi hiyo, pangeni safari ya asubuhi mkijua hilo. Kumbukeni pia kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Msafiri wa Ziwani

Nashukuru sana, na samahani kwa kutoeleza vyema. Gari ni Toyota Noah ya zamani, yenye mlango mmoja wa abiria wa nyuma upande wa kushoto. Kadi ina jina la shemeji yangu. Tutakuwa watu sita, pamoja na mama yangu mzazi na watoto wawili. Nilikusudia kuondoka Mwanza usiku ili tufike mpakani alfajiri.

Fundi wa Igoma

Taarifa hizo zimebadilisha mambo yote, na nianze na huo mlango. Ukisimama Rwanda kandokando ya barabara, mlango wa kushoto utafungukia katikati ya barabara, mahali magari yanapopita. Watoto wamezoea kushuka upande huo bila kufikiri. Itabidi ujiwekee sharti kwamba hakuna anayeshuka ila ndani ya kituo cha mafuta au uwanja wenye nafasi.

Kuna pia taa, jambo ambalo watu hawalizungumzi. Taa za magari yetu, zikiwa chini, zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto, yaani pembeni, zisimpige usoni anayekuja. Ukivuka kwenda upande wa kulia, mwanga uleule unamwangukia moja kwa moja dereva anayekuja mbele yako. Kuna wanaobandika utepe mweusi kwenye sehemu ya kioo cha taa. Mimi nasema usiendeshe usiku kabisa ukiwa huko.

Kuhusu bima, bima kubwa ya hapa inatosha.

Mwenda Rusumo

Fundi, hapo kwenye bima nakupinga, na nakupinga kwa sababu mtu anaweza kuumia kwa ushauri huo. Bima ya nyumbani, iwe kubwa au ndogo, haitoshi yenyewe kuvukia mpaka. Anatakiwa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo humlinda mtu wa tatu katika nchi anayoingia. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo, na hutolewa na kampuni za bima hapahapa nchini. Na kwa kuwa gari si lake, achukue barua ya shemeji yake iliyoshuhudiwa na wakili.

Sasa nisimulie lililonipata, kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu Rwanda huuliza habari za mpakani, na hatari haipo mpakani. Pale Rusumo, ukivuka daraja la Mto Kagera, akili yote iko macho: alama zinakuelekeza, magari yaliyo mbele yako yanakuonyesha njia, na hofu yenyewe inakusaidia. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwa gari dogo, mke wangu akiwa kando yangu. Tukavuka salama, nikaendesha zaidi ya saa moja upande wa kulia bila kosa hata moja, nikaanza kujiona mwenyeji. Karibu na Kibungo tukaingia kituo cha mafuta, tukajaza, tukanunua maji. Nilipotoka, barabara ilikuwa tupu, hakuna gari la kulifuata, na mikono yangu ikafanya kile ilichokuwa ikifanya kwa miaka ishirini: nikashika kushoto. Nilikwenda hivyo umbali wa kutosha kuanza kuzungumza habari za chakula cha mchana. Mke wangu ndiye aliyeona lori likitokeza kwenye kona mbele yetu, katika njia ileile tuliyokuwamo. Hakupiga kelele, alinishika mkono tu na kusema, “Baba, kulia.” Nilitoka, lori likapita likipiga honi ndefu, nami nikaegesha na kukaa pale karibu nusu saa kabla miguu haijaacha kutetemeka.

Tangu siku hiyo, kila ninapotoka kituo cha mafuta, hotelini, au hata nikisimama kumpa mtu njia, nasema kwa sauti, “Kulia,” kabla sijaachia breki. Abiria wa mbele simruhusu kulala, kwa sababu ndiye macho yangu ninapotaka kulipita gari jingine. Usukani ukiwa kulia huko, huoni kinachokuja mpaka uwe umeshalitoa gari lote nje.

Dada wa Kimironko

Pole sana, kaka, na nashukuru kwa kulisema wazi. Naongeza habari ya mizunguko, ambayo sisi huiita kipilefti, kutokana na “keep left” ya Kiingereza, yaani shika kushoto. Jina hilo tu lina mafunzo ndani yake: kwetu unaingia kwa kushika kushoto na kuangalia wanaotoka kulia kwako, huku unaingia kwa kushika kulia, na walio ndani wanakujia kutoka kushoto. Kigali ina mizunguko mingi, na usifanye jaribio lako la kwanza jioni watu wanapotoka kazini. Mama na watoto nao wafundishwe kuvuka kwa miguu, maana wimbo wa shuleni wa “tazama kulia kwanza” hauwafai huku.

Mwana wa Ngara

Nasikitika kwamba jambo hili halina budi kuwa hivi. Sisi wa Ngara tuna ndugu ng’ambo ya mto. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, upande huu na ule ulikuwa koloni moja la Wajerumani. Baada ya vita Waingereza wakachukua Tanganyika na Wabelgiji wakachukua Ruanda-Urundi, na kila mmoja akaleta upande wake wa barabara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingefaa iwe na upande mmoja.

Fundi wa Igoma

Basi Rwanda wahamie kushoto, kwa kuwa mizigo yao mingi hupitia Dar es Salaam na Mombasa.

Mwana wa Ngara

Hesabu kwanza, ndugu. Katika nchi nane za Jumuiya, zinazopita kushoto ni Tanzania, Kenya na Uganda tu. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia zote hupita kulia.

Dada wa Kimironko

Rwanda iliwahi kulifikiria jambo hilo na mpaka leo haijahama. Tumrudie aliyeuliza, maana ana mama na watoto wa kuwafikisha.

Msafiri wa Ziwani

Nimesoma yote, na simulizi ya kituo cha mafuta nimeisoma mara mbili kwa mke wangu. Safari ya usiku nimeifuta. Tutatoka Mwanza alfajiri kupitia daraja la Kigongo–Busisi, Geita na Biharamulo, tulale Benaco karibu na mpaka, tuvuke asubuhi. Kinachonigomea bado ni gari. Kukodi gari la watu sita kwa siku nne ni gharama kubwa, na mama hapendi basi. Mke wangu anasema tuliache gari Benaco, tuvuke kwa usafiri wa abiria. Je, kuna mahali salama pa kuliegesha pale kwa siku nne?

Mwenda Rusumo

Maegesho ya malori yapo. Kwa gari dogo, sijui kama ningeliacha la kwangu.

Mpita Njia wa Kabanga

Samahani kwa kuingilia. Mimi naelekea Bujumbura, Burundi, kupitia mpaka wa Kobero, nako hupita kulia. Kuna aliyepita na Noah hivi karibuni?