Mrejesho: Ukuta wa udongo nyuma ya jiko la kuni

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuukinga ukuta wa miti na udongo hapa Mikindani, ambao ulikuwa ukipasuka nyuma ya jiko la kuni la chuma na fito zake kugeuka rangi. Nawashukuru sana kwa ushauri wenu.

Fundi amesimamisha bati mbele ya ukuta na kuacha nafasi ya sentimita 3, akitumia misumari mirefu iliyopitishwa kwenye vipande vya bomba la chuma badala ya vibao, kwa kuwa mbao iliyokaushwa na joto kwa muda mrefu huweza kushika moto kwa joto dogo zaidi. Bati halikufika sakafuni wala halikuzibwa juu, hivyo hewa huingia chini, hupata moto, hupanda na kuondoka na joto. Mama mkwe alipendekeza tulibandike ukutani kabisa ili panya wasijifiche; tulipomweleza kwamba likigusa ukuta joto litapita, aliridhia tuweke wavu.

Sasa kuni za mkorosho zikiwa zimekolea, naweza kugusa udongo nyuma ya bati na kuuacha mkono hapo. Imebaki boriti iliyo karibu na bomba la moshi, ambayo fundi ataisogeza; kwa sasa hatuuachi moto bila mtu.