Jeneza la bibi yangu limegeuzwa mchemraba: mhariri huyu wa video mnamjua, na leo amenifikisha mwisho

Mjukuu_wa_Tatu: Wanajukwaa, salaam. Ninaandika mikono ikitetemeka, kwa kuwa nimetoka sebuleni kwa mjomba nusu saa iliyopita na sijui kesho nitamtazamaje shangazi usoni. Jina la mhusika silitaji, halihitajiki. Ni yule yule ambaye kila familia ya mtaa huu imemlipa mara moja na kujuta mara mbili, yule ambaye hujamaliza kumweleza unachotaka ameshakujibu, "Hiyo niachie mimi."

Tulimwachia. Tulimpa shilingi 350,000 aturekodie na kutuhariria video ya mazishi ya bibi, tukasubiri wiki 6, na leo ukoo mzima umekaa mbele ya televisheni, leso mikononi. Mchungaji amekwisha kusema mavumbi kwa mavumbi. Kamba zimekaza mikononi mwa wajukuu, mimi nikiwa mmoja wao, na jeneza linaanza kushuka. Hapo ndipo picha ilipojikunja, ikawa mchemraba, mchemraba ukabiringika mara 3 huku ukimwaga vimioyo vyekundu, na kwenye upande wa pili wa mchemraba huo huo uliombeba bibi akatokea baba mdogo aking'ata paja la kuku.

Narudia kwa wanaosoma haraka: jeneza lilibiringika. Bibi yangu, ambaye katika maisha yake yote hakupanda hata bembea, amerushwa hewani kama dadu.

Ni kama vile jamaa alifungua sanduku la madoido katika programu yake akaapa kwamba hakuna doido litakalolala njaa. Waombolezaji wanaingia kanisani kupitia ukurasa unaofunuka kama kalenda ya ukutani. Historia ya marehemu inasomwa, na msomaji anapotaja kwamba alizaliwa mwaka 1934, picha inapasuka vipande kama kioo cha dirisha lililopigwa mpira. Kutoka uso wa mama anayelia kwenda uso wa mama mkubwa anayelia, mahali ambapo kukata tu kungetosha na kusingemgharimu chochote, ilipita nyota ya pembe 5.

Sikumwomba maajabu. Picha ingefifia taratibu hadi giza, giza likakaa sekunde 2, kila mtu pale sebuleni angeelewa kwamba kaburini tumemaliza na sasa tunarudi nyumbani. Yeye akaona giza halina biashara. Jeneza, vimioyo, paja la kuku. Shangazi ametoka nje bila viatu, na baba mdogo naye amenuna, anataka kujua kwa nini kati ya watu wote waliokula siku ile achaguliwe yeye.

Kivuli_cha_Mwembe: Pole sana kwa msiba, mkuu. Baada ya pole naomba kuuliza: hilo paja lilikuwa la kukaanga au la mchuzi?

Meza_ya_Kukatia: Mtoa mada, jambo lililowapata lina historia ndefu. Yapata miaka 100 iliyopita, huko Urusi, mwongozaji filamu Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha lolote, akauunganisha na sahani ya supu, halafu na jeneza la mtoto, halafu na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoigiza njaa, huzuni na matamanio, ilhali uso ulikuwa ule ule mmoja. Maana ilikuwa kwenye mshono baina ya picha na picha. Sasa fundi wenu ameshona jeneza na kuku, kwa hiyo yeyote atakayeitazama kazi hiyo ataona ukoo uliokuwa ukisubiri bibi azikwe ili chakula kipakuliwe.

Mjukuu_wa_Tatu: Nashukuru kwa kunieleza kwamba tumedhalilishwa kitaalamu.

Fundi_Bila_Cheti: Mimi nahariri harusi na mahafali, na nasema mnamwonea. Mwongozaji filamu Akira Kurosawa wa Japani aliupenda sana mpito ule wa mstari unaokatiza kioo na kuifuta picha, na George Lucas akaufuata katika filamu yake ya vita vya anga ya mwaka 1977, wala hakuna aliyewafungulia uzi. Tatizo ni ninyi wateja. Nikimkabidhi mtu kazi niliyoikata kwa usiku 3, kila mkato umekaa pale mtu anapogeuza shingo au kuinua mkono ili jicho lisiuone, ananiuliza, "Mbona hujaediti?" Mkato mzuri hauonekani, na mtu hatoi hela kwa kitu asichokiona. Nikiweka nyota moja tu, naongezwa na soda.

Kivuli_cha_Mwembe: Kurosawa hakuweka vimioyo.

Fundi_Bila_Cheti: Hakuwa na wateja wa kwetu.

Bi_Harusi_wa_Zamani: Mtoa mada, wewe una nafuu. Huyo huyo ndiye aliyehariri harusi yangu. Padri ananiuliza kama nakubali kwa hiari yangu, nafungua kinywa nijibu, na papo hapo video inahamia kwenye droni inayozunguka juu ya mabati ya kanisa, muziki umepandishwa, namba yake ya simu inapita chini ya picha kwa herufi za njano. Tunaporudi ndani nimeshavishwa pete. Hakuna ushahidi wowote kwamba nilisema "ndiyo", na mume wangu hulikumbushia jambo hilo kila tunapokosana.

Meza_ya_Kukatia: Dada, hilo lingetibika kwa dakika chache, kwa sababu sauti na picha hazilazimiki kukatwa mahali pamoja. Angeiacha sauti yako itembee chini ya picha ya mabati, "ndiyo" ikasikika juu ya kanisa zima, na ile droni yake ingepata angalau sababu ya kuruka.

Mjukuu_wa_Tatu: Hata kwetu sauti ilichinjwa. Kwaya ilikuwa inaimba pale kaburini, ikakatwa katikati ya neno "Bwana", ikabaki "Bwa", kisha vimioyo.

Kivuli_cha_Mwembe: Mkuu, "Bwa" nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Mimi kesi yangu ni mwendo wa polepole. Kamera ilirekodi fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, yeye akaivuta picha mara 4 bila huruma, kila fremu ikarudiwa mara 4, na baba mkwe wangu akawa anatafuna keki kwa kushtukashtuka kama mshale wa saa inayoishiwa betri. Alilishwa kipande kimoja. Katika video anakitafuna tangu kwaya ya kwanza hadi zawadi za upande wa mama.

Fundi_Bila_Cheti: Hapo kosa ni la mpiga picha. Ukijua utapunguza mwendo, unarekodi fremu 50 au 100 tangu mwanzo.

Kivuli_cha_Mwembe: Mpiga picha na mhariri ni mtu mmoja.

Mjukuu_wa_Tatu: Ndugu zangu, naomba turudi kwenye jeneza. Amenijibu sasa hivi. Anasema yuko tayari kurekebisha kwa nyongeza ya shilingi 50,000, mchemraba ubaki kwa kuwa ndio uliobeba kazi, na vimioyo vibadilishwe viwe njiwa.

Fundi_Bila_Cheti: Bei hiyo si mbaya.

Bi_Harusi_wa_Zamani: Samahani, Meza ya Kukatia, hiyo "ndiyo" inaweza kuwekwa hata sasa, miaka 6 baadaye? Diski ninayo kabatini, imekwaruzika kidogo.

Meza_ya_Kukatia: Diski haitatusaidia, humo ameshaimeza sauti kwa muziki. Muulize kama bado anazo klipu za siku ile kabla hazijahaririwa, hasa ile ya kamera iliyokuwa karibu na padri.

Bi_Harusi_wa_Zamani: Nimempigia. Anasema hiyo nimwachie yeye.