Mjadala: Mmiliki wa klabu humuunga mkono kocha kwa fedha, au kwa kumlinda anapogombana na nyota?

Mtoa hoja, Sombetini, Arusha

Ndugu wapenda soka, nawasalimu. Jumamosi iliyopita, katika kibanda umiza kimoja hapa Sombetini, ulizuka ubishi uliodumu kuliko mchezo wenyewe. Kijana mmoja alidai kwamba hakuna mmiliki aliyepata kuwaunga mkono makocha kama Roman Abramovich alivyofanya pale Chelsea, kwa kuwa fedha za usajili hazikuwahi kukatika. Mwenzake akamjibu kwamba mtu aliyefukuza makocha wengi kiasi kile hawezi kusifiwa kwa jambo hilo. Kwa maoni yangu wote wawili walishika mizani mbovu, nami naomba kuileta hoja hii kwenu kwa utulivu ambao pale kibandani haukuwezekana.

Mimi ni shabiki wa Chelsea tangu msimu wa 2004/2005, kwa hiyo nisemayo siyasemi kwa husuda. Abramovich aliinunua klabu mwaka 2003 na papo hapo akampa Claudio Ranieri wachezaji wa zaidi ya paundi milioni 100. Ranieri alimaliza wa pili katika Ligi Kuu na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kisha akaondolewa. Carlo Ancelotti alitwaa ligi na Kombe la FA mwaka 2010, akaletewa Fernando Torres kwa paundi milioni 50 Januari 2011, na mwezi Mei, baada ya kumaliza wa pili, akafukuzwa saa chache tu baada ya mchezo wa mwisho. Roberto Di Matteo alitupa Ligi ya Mabingwa Ulaya Mei 2012, na mwezi Novemba hakuwa na kazi. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kulalamika kwamba alinyimwa fedha.

Mizani ninayoipendekeza ni nyingine. Siku kocha na mchezaji mkubwa wanapokosana, mmiliki humsikiliza nani? Kocha André Villas-Boas aliletwa Chelsea mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 33, na klabu ilikubali kuilipa klabu ya Porto euro milioni 15 ili kumpata. Alipoanza kuwaweka benchi wakongwe, akiwemo Frank Lampard, chumba cha kubadilishia nguo kiliingia nyufa, na kufikia Machi 2012 aliyeondoka alikuwa yeye. Wakongwe walibaki. Linganisha na Arsenal: Desemba 2021 kocha Mikel Arteta alimvua Pierre-Emerick Aubameyang unahodha kwa sababu za nidhamu, na miezi miwili baadaye klabu ikakubali mchezaji huyo aende Barcelona bure, ilhali alikuwa miongoni mwa waliolipwa mishahara mikubwa zaidi kikosini. Mmiliki alimeza hasara ili neno la kocha lisimame. Siku ile, nakiri, nilimwonea wivu jirani yangu mwenye jezi nyekundu.

Hoja hii ina mizizi yake hapahapa Arusha, kwa upande wangu. Miaka kadhaa iliyopita niliifundisha timu ya mtaa katika mashindano ya ndondo. Tulikuwa na mfadhili mkarimu sana: jezi alinunua yeye, mipira alinunua yeye, nauli alilipa yeye, na mshambuliaji namba tisa alikuwa mpwa wake. Tangu wakati huo, nikisikia kwamba mmiliki amemnunulia kocha mshambuliaji, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyemtaka mshambuliaji huyo. Andriy Shevchenko alipoletwa Chelsea mwaka 2006, iliandikwa kila mahali kwamba yalikuwa matakwa ya mmiliki zaidi ya yale ya kocha, José Mourinho. Alifunga mabao 9 tu ya ligi katika michezo 48. Mourinho aliondoka Septemba 2007.

Naomba michango.

Mchangiaji, Ngarenaro

Napinga hoja kwa heshima zote. Wewe shabiki mwenzangu wa Chelsea unahesabu makocha waliofukuzwa. Mimi nahesabu makombe. Katika miaka 19 ya Abramovich tulitwaa vikombe 21, vitano vikiwa vya Ligi Kuu na viwili vya Ligi ya Mabingwa. Tena tazama hivyo viwili kwa makini: vyote vilitwaliwa na makocha walioingia katikati ya msimu baada ya mwingine kuondolewa. Di Matteo alishika nafasi ya huyo Villas-Boas unayemlilia. Lampard, kipenzi chetu sote, aliporudi kama kocha alisajiliwa wachezaji wa zaidi ya paundi milioni 200 katika kiangazi cha 2020, akafika Januari 2021 timu ikiwa nafasi ya tisa, akaondolewa. Akaja Thomas Tuchel, na miezi minne baadaye Kai Havertz, mmoja wa wachezaji haohao walionunuliwa wakati wa Lampard, akafunga bao pekee la fainali dhidi ya Manchester City kule Porto.

Mwenye nyumba habishani na fundi wa paa wakati mvua inanyesha. Humteremsha, akapandisha mwingine. Mmiliki huiunga mkono klabu. Kocha ni fundi wake tu.

Mchangiaji, Pasua, Moshi

Nawasalimu ndugu zetu wa Arusha. Mimi ni mwalimu, na ni shabiki wa Manchester United, kwa hiyo katika somo la kuteseka nina uzoefu wa kutosha.

Mizani ya mtoa hoja naipenda, ila nadhani ameiacha nusu. Familia ya Glazer iliichukua United mwaka 2005 na kuitwika klabu deni ambalo mashabiki hawajaisamehe hadi leo. Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa kwanza, kocha wetu Sir Alex Ferguson alikosana na nahodha wake Roy Keane, na Keane akaondoka Novemba 2005. Kiangazi cha 2006 akafuata Ruud van Nistelrooy, mfungaji wetu mkubwa. Wamiliki wageni, wenye deni na wenye kuchukiwa, hawakuingilia. Je, tuseme kwamba waliwaunga mkono makocha? Walimwunga mkono Ferguson, kwa sababu Ferguson alikuwa mkubwa kuliko wao. Baada ya kustaafu kwake mwaka 2013, sifa hiyo hakurithi mtu.

Sasa mchukue Erik ten Hag, aliyekuja kuwa kocha wetu baadaye. Alipokosana na Cristiano Ronaldo, Ronaldo aliondoka Novemba 2022. Alipokosana na Jadon Sancho, Sancho alipelekwa Dortmund kwa mkopo Januari 2024. Alitaka wachezaji aliowafahamu tangu Ajax, klabu aliyoifundisha kabla yetu, akapata Lisandro Martínez, Antony, André Onana, na baadaye Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui. Kwa mizani ya mtoa hoja, huyu ni kocha aliyeungwa mkono kuliko wote. Na kwa mizani ya yule kijana wa kibandani, yaani fedha, vilevile.

Lakini kumbukeni mwaka 2024. Sir Jim Ratcliffe alikuwa ameingia mwezi Februari kwa kununua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa mambo ya soka. Timu ilimaliza ya nane, ikashinda fainali ya Kombe la FA dhidi ya City, na baada ya uongozi kuzungumza na makocha wengine, Ten Hag akaongezewa mkataba mwezi Julai. Tarehe 28 Oktoba akafukuzwa. Hesabu za klabu zilionyesha kwamba kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu paundi milioni 10.4. Mkataba ule ulikuwa barua ya rambirambi iliyotangulia msiba. Wachezaji si watoto, ndugu zangu. Wakishajua kwamba bosi wa mwalimu wao amekwisha kupita kwa majirani akitafuta mwalimu mwingine, hakuna fimbo itakayowafanya wakae kimya darasani. Kumlinda kocha dhidi ya nyota hakutoshi ikiwa mmiliki mwenyewe hamwamini, kwa maana mashaka ya mmiliki huvuja.

Mchangiaji, Njiro

Kaka mtoa hoja, mimi ni mhasibu, nami naona mnajadili mapenzi mahali ambapo kuna hesabu. Mchezaji akinunuliwa kwa mkataba wa miaka mitano, gharama yake hugawanywa vitabuni kwa miaka hiyo mitano. Kocha akiondoka mwaka wa pili, gharama hubaki, na mchezaji hubaki pia, akimsubiri kocha mpya ambaye huenda mfumo wake haumhitaji. Ndiyo maana sikubaliani na mwalimu anapowataja wachezaji wa Ajax kana kwamba ni zawadi. Mmiliki anayempa kocha kila jina analolitaja anamkabidhi kocha ajaye kikosi cha mtu mwingine.

Wamiliki wapya wa Chelsea, Todd Boehly na kampuni ya uwekezaji ya Clearlake, walipita njia iliyo kinyume. Walinunua klabu Mei 2022, wakamwondoa Tuchel Septemba, wakamleta Graham Potter, na Januari 2023 wakamwagia wachezaji kwa mikataba ya hadi miaka minane na nusu, akiwemo Enzo Fernández, ili gharama igawanyike zaidi. Baadaye UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliweka ukomo wa miaka mitano katika hesabu za namna hiyo. Potter alijikuta na kikosi kilichozidi wachezaji 30, na yeyote aliyewahi kupika shughuli ya Kichaga anafahamu kwamba jikoni watu wakizidi, chakula huchelewa. Alifukuzwa Aprili. Kwangu mimi, mmiliki anayemuunga mkono kocha ni yule anayeajiri mkurugenzi wa michezo mwenye akili na kumwachia kocha mazoezi na kikosi cha Jumamosi. Hayo mengine ni ukarimu wa harusini.

Tena msisahau fidia. Kumwondoa Antonio Conte mwaka 2018 kuliigharimu Chelsea zaidi ya paundi milioni 26, zikiwemo gharama za kisheria. Mchangiaji wa Ngarenaro, fundi wako wa paa ni ghali kwelikweli.

Mchangiaji, Kijenge

Kwa kuwa Arsenal imetajwa, naomba kusema machache. Aprili 2021 mashabiki walijazana nje ya uwanja wa Emirates wakimtaka mmiliki wetu Stan Kroenke aondoke, baada ya lile jaribio la klabu kubwa kujiundia ligi yao ya Ulaya, Super League. Miezi minne baadaye tulipoteza michezo mitatu ya kwanza ya ligi, mbele ya Brentford, Chelsea na City, bila kufunga hata bao moja, tukashika mkia. Arteta hakuguswa. Msimu ule tukamaliza wa tano, kisha wa pili mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025.

Ninachojiuliza hadi leo ni kama ile ilikuwa imani kwa kocha au ni umbali tu wa mmiliki. Subira na kutojali, ukivitazama ukiwa Kijenge, vinafanana sana.

Mchangiaji, Kaloleni

Wanangu, mimi ni mzee, na mnanishangaza mnavyoyajua ya London kuliko ya Kariakoo. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2024, na msimu huohuo akaifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi Novemba akapoteza michezo miwili mfululizo ya ligi, dhidi ya Azam na Tabora United, akaondolewa. Mtasema ni mmiliki? Yanga ina wanachama, ina matawi, ina wafadhili. Kocha wa kwetu hana mtu mmoja wa kumlinda, na hana mtu mmoja wa kumlaumu. Mnapojadili wamiliki, jiulizeni pia kama shabiki mwenye kadi si mmiliki anayefukuza haraka kuliko yule Mrusi wenu, Abramovich.

Mtoa hoja

Shikamoo mzee wangu wa Kaloleni, na shikamoo mwalimu wa Pasua.

Mzee, hoja yako ni nzito na inastahili mjadala wake wenyewe, kwa sababu kwa kanuni zetu klabu za wanachama hubakiza asilimia 51 mikononi mwa wanachama, na mizani niliyoileta iliundwa kwa klabu yenye mwenye nyumba mmoja. Nisingependa kuichanganya.

Mwalimu, umenirekebisha, nami nakubali. Mfano wa Ten Hag unaonyesha kwamba mmiliki anaweza kumtoa nyota kwa ajili ya kocha na bado akawa hamwamini kocha huyo. Hata hivyo sitaiacha mizani yangu. Naongeza tu kwamba ni lazima ulinzi huo uonekane kabla ya kipigo na uwe uleule baada yake, kama ilivyokuwa Agosti 2021 pale Emirates. Dada wa Njiro, kuhusu mkurugenzi wa michezo tuko pamoja, isipokuwa nyongeza moja: Mourinho alipofukuzwa mara ya pili, Desemba 2015, ni mkurugenzi wa ufundi aliyejitokeza hadharani kusema kwamba kulikuwa na kutoelewana kati ya kocha na wachezaji. Yaani hata mkurugenzi huwa na upande, na upande wake ni ule wa aliyemwajiri.

Kwa ndugu yangu wa Ngarenaro, makombe 21 siwezi kuyakana. Nilikesha nikiyashangilia, mengine pamoja nawe. Ninachosema ni kwamba uliza kama klabu ilifaidika, utapata jibu moja, na uliza kama makocha waliungwa mkono, utapata jibu lingine.

Mchangiaji, Ngarenaro

Sawa, tuyaache hapo kwa leo. Swali moja tu, maana umelikwepa tangu mwanzo. Yule mpwa wa mfadhili, je, alifunga?

Mtoa hoja

Alifunga. Siku nilipomwanzisha kwa shingo upande alifunga mabao mawili, na tukaingia nusu fainali. Katika nusu fainali nilimweka benchi kwa sababu alikuwa amekosa mazoezi siku tatu, tukafungwa moja bila. Niliachishwa jioni ileile, tena kwa adabu: mfadhili alinilipia bodaboda hadi nyumbani.