Dreni ya tangi la bawa haiachi kudondosha mafuta, nifanyeje?

Mwewe: Wakuu, salamu. Ndege yangu ni ndogo, injini moja, mabawa juu. Tangu juzi, nikishachukua sampuli ya mafuta asubuhi kuangalia kama yana maji au uchafu, dreni ya tangi la kushoto, ile vali ndogo ya kutolea mafuta chini ya bawa, haifungi sawasawa. Tone linajikusanya kwenye ncha, linaanguka, linafuata jingine. Chini ya bawa pameingia doa la buluu, rangi ya petroli yenyewe, nalifuta, linarudi. Jamaa mmoja kaniambia niikaze kwa spana, nikasita. Mnanishauri nini?

FundiBawa: Umefanya vema kusita. Kukaza hakusaidii, maana penye kuvuja ni ndani ya vali. Mara nyingi chembe ya uchafu imenasa kati ya oringi, ile pete ya mpira inayoziba vali, na pale inapokalia. Kinga kikombe, ibonyeze na kuiachia harakaharaka mara tano au sita ili mafuta yaisombe. Kisha futa pakauke, urudi kuangalia baada ya nusu saa. Hakikisha pia si ile aina ambayo ukiibonyeza na kuizungusha inabaki wazi. Hiyo watu huiacha hivyo bila kujua.

Kozi: Na kwenye kikombe uliona nini? Nauliza kwa sababu niliwahi kukinga kikombe kizima, kilichomo kinaonekana safi, hakuna mstari wa maji chini. Nilikuwa nakaribia kuridhika. Nilipokinyanyua mbele ya karatasi nyeupe sikuona ubuluu wowote, nikanusa, hakuna harufu ya petroli. Yote yalikuwa maji! Mstari hauonekani kama hakuna mafuta ya kutenganishwa nayo. Mvua ilikuwa imepenya kwenye mfuniko wa tangi, mpira wake umepasuka. Kagua na mifuniko yako, tafadhali.

Mwewe: Asante Kozi, mafuta yalikuwa ya buluu na yananukia. FundiBawa, nimebonyeza mara sita. Kikombeni kimetoka kipande cheusi, chembamba, laini kama mpira. Matone yamepungua ila hayajakoma.

FundiBawa: Inaelekea hicho ni kipande cha oringi yenyewe. Usiruke nayo, mkuu. Mwite fundi mwenye leseni. Tangi litolewe mafuta kwanza, nje, mbali na cheche, ndege ikiwa imeungwa waya wa ardhi. Oringi iwe ile ile iliyotajwa kwenye kitabu cha vipuri. Mpira usiofaa petroli utavimba, na vali itakwama ikiwa wazi. Tangi likishajazwa tena, mwache akague kama pakavu, nawe ukague tena kesho yake kabla ya kuruka.

Kozi: Ya kulia nayo ina umri gani?

Mwewe: Zilifungwa siku moja. Nimeshaifunga ndege, fundi anakuja kesho asubuhi. Nitamwomba abadilishe zote mbili, na mifuniko tutaifungua pamoja.