Naomba ushauri: nianze kulipa deni lipi kabla ya kusi kuingia?

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Amu na Shela, kisiwani Lamu, Kenya, nami nadaiwa jumla ya shilingi 195,500: 140,000 za mkopo wa injini kutoka chama cha akiba na mikopo, nilikodhaminiwa na shemeji yangu na jirani, 38,000 za mikopo ya simu, na 17,500 za duka la mtaani.

Wakati wa kaskazi, wageni wakiwepo, hunibakia takriban 30,000 kwa mwezi baada ya mafuta. Kusi ikivuma, hata 12,000 ni bahati. Kosa langu, nalikiri, ni kuchukua mkopo mmoja wa simu ili kulipa mwingine, kila mara kwa ada mpya. Kwa miezi miwili sasa nimeacha mikopo hiyo, naandika kila matumizi kwenye daftari (chai na vitafunio vya gatini vilinishangaza kuliko kodi), na mwenye duka amekubali nimlipe 500 kila Ijumaa. Chama kimekataa ombi langu la mdomo la kuongezewa muda, kikitaka barua.

Kuuza boti sitaki, kwani ndiyo riziki. Je, nimalize kwanza mikopo ya simu yenye gharama kubwa, au chama, nisije nikawatia wadhamini wangu mashakani? Na kuna aliyewahi kulipa kwa awamu chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 bila kutangazwa muflisi, au kwa deni la kiasi hiki barua kwa chama yatosha?