Wiki ya 16 baada ya kupandikiza nywele, utosi bado mtupu. Nirudie au nisubiri?

Nasubiri_Nywele
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Nimepandikiza nywele utosini, sasa ni wiki ya 16. Walitoa vipandikizi 1,500 kisogoni, kimoja kimoja, wakavipanda katikati ya kichwa. Siku kumi za mwanzo nilifuata kila nilichoambiwa. Nililala nimeegemea mito mitatu, nikapuliza maji ya chumvi mchana kutwa, sikukuna hata pale nilipowashwa mpaka machozi yakanitoka. Siku ya tatu uso ulivimba, jicho moja likaziba, nikavumilia. Vigaga vikaisha siku ya 11, vinywele vikaonekana vimesimama kama vya mtoto mchanga. Nilifurahi sana.

Wiki ya tatu vikaanza kuanguka. Nikiamka navikuta kwenye foronya, vifupi, kila kimoja na kidonge cheupe mwishoni. Siku moja nilivikusanya nikavihesabu, nilipofika 63 nikaacha. Tangu hapo hakijaota hata kimoja.

Kliniki wanasema vipandikizi vilikuwa vichache, nirudi kwa awamu ya pili, watanipunguzia bei. Nirudie sasa au nisubiri?

Kipara_Mstaafu
Mkuu, tulia kabisa. Kupukutika wiki ya pili hadi ya nane ni kawaida. Unywele unadondoka, shina linabaki chini ya ngozi limelala. Mimi nilipandikiza mbele na utosini. Mwezi wa tatu nilikuwa na sura mbaya kuliko kabla sijaenda, nikavaa kofia hadi ndani ya nyumba. Mwezi wa nne vikaanza kuchungulia, vyembamba kama uzi wa buibui, vikaja na vipele vidogo. Mwezi wa sita nilikuwa na kama nusu ya nilichonacho leo. Mbele palikamilika mwezi wa 12, ila utosi ni mvivu, kwangu ulimalizia mwezi wa 15.

Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali palepale, mwanga uleule. Ukijiangalia kila siku kwenye kioo utachanganyikiwa bure. Na usirudie kabla ya mwaka kuisha, utapanda juu ya vilivyolala.

Mzee_wa_Kofia
Wanangu mnahangaika. Nywele zilianza kuniaga nina miaka 24. Nililia kwanza, kisha nikanyoa zote, na tangu siku hiyo wembe ndiyo dawa yangu. Wajukuu wananipigia ngoma kichwani nami nacheka nao. Ridhika na ulichopewa, mkuu. Hela hiyo ingefanya mengine.

Bwana_Mizizi
Mzee wangu, heshima yako, lakini aliyeuliza hajauliza kama anyoe.

Mkuu, mimi nauliza dawa. Unatumia finasteraidi, kidonge cha kuzuia upara? Vipandikizi vya kisogoni vinadumu kwa sababu mashina ya huko hayasikii sana homoni inayoua nywele za juu. Ila nywele zako za asili zinazovizunguka zinaisikia. Usipozilinda zitaendelea kuondoka, na baada ya miaka michache utabaki na kisiwa cha nywele katikati ya uwanja. Miligramu 1 kwa siku, iliruhusiwa kwa upara wa wanaume Marekani tangu 1997. Pamoja nayo unapaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele. Kupandikiza bila dawa ni kujenga ukuta bila msingi.

Zamu_ya_Usiku
Samahani, naona tumekimbilia majibu. Mimi ni muuguzi, nimekaa miaka kadhaa wodi ya ngozi, na kuna maswali yameachwa.

Kabla ya kupandikiza, nani alikuambia nywele zako zilitoka kwa sababu gani? Utosi ulikuwa unawasha au kuchoma? Ukibonyeza unauma? Ngozi ya hapo ina vitundu vya nywele au imekuwa laini inang'aa? Na una umri gani?

Nasubiri_Nywele
Asante nyote. Kipara_Mstaafu umenipa moyo. Nina miaka 38. Kisogoni pameota vizuri. Daktari wa kliniki alinitazama akasema nafaa. Ngozi ni ya kawaida tu. Swali langu ni lilelile, kurudia au kusubiri.

Zamu_ya_Usiku
"Kawaida tu" hainisaidii kukusaidia. Kuchoma kupo au hakuna?

Mama_Pacha
Poleni jamani. Mimi baada ya kujifungua pacha wangu nywele zilikuwa zinatoka kwa viganja. Nikichana, kitana kinajaa. Nilimwambia mume wangu nitakuwa na upara kabla watoto hawajaota meno. Mwezi wa nne hadi wa saba ndio ulikuwa mbaya, baada ya mwaka zikarudi zenyewe bila dawa yoyote. Mwili unajua kazi yake. Usikate tamaa kaka.

Nasubiri_Nywele
Sawa. Nitasema.

Kwanza mimi ni mwanamke. Sikusema kwa sababu kila nikisema, watu wananihukumu kwa kusuka na wigi kabla hata sijamaliza sentensi.

Utosi ulianza miaka sita iliyopita, duara dogo kama sarafu. Sasa ni upana wa kiganja. Na ndiyo, ulikuwa unachoma, hasa jioni, kama kuna kitu kinatembea chini ya ngozi. Nikibonyeza panauma. Nilienda kwa daktari wa ngozi, akataka kukata kipande kidogo kikapimwe. Niliogopa. Nywele zenyewe ndizo hizo, halafu nikatwe tena? Sikurudi. Kliniki hawakuniuliza, nami sikuwaambia.

Bado panachoma. Tangu nipandikize pamezidi.

Lakini naombeni mnielewe. Nimeshalipa nusu ya awamu ya pili, ni wiki tatu kutoka leo, na kazini likizo nimeshaomba. Wamenionyesha picha za watu wengi waliofanikiwa. Sijalala nikaamka nikaamua. Nimekaa na jambo hili miaka.

Mpekuzi_77
Wadau hii ni chai. Jana tunamwita mkuu, tunamwita kaka, kimya. Leo amekuwa mwanamke. Jana ngozi ya kawaida, leo inachoma miaka sita. Na ile awamu ya pili yenye punguzo imetajwa tangu mwanzo. Subirini, baada ya kurasa mbili atatokea mtu kuuliza "kliniki gani hiyo?" na namba ya simu itafuata. Weka picha au funga uzi.

Mzee_wa_Kofia
Hata mimi nimeshtuka. Wanawake nao wanapandikiza?

Bwana_Mizizi
Wanapandikiza, mzee. Wengine paji, wengine pale pembeni palipovutwa na misuko.

Dada, naomba ufute nilichoandika kuhusu finasteraidi. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapaswi kuitumia, inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Nilidhani naongea na mwanaume na sikuuliza. Nisamehe.

Mama_Pacha
Mpekuzi, umeona wapi mtu anatunga uzi ili aaibike? Dada, nami nilikuita kaka. Pole.

Nasubiri_Nywele
Mpekuzi, jina la kliniki sijalitaja na sitalitaja, hata mtu aniombe pembeni. Picha siweki, kichwa changu nakijua hata kwa giza na walio karibu nami watanitambua.

Ila nimefanya alichotaka Zamu_ya_Usiku. Nimekaa na vioo viwili na tochi ya simu. Katikati ngozi ni laini, inang'aa kama ukucha. Vitundu sivioni, isipokuwa vijidoa vya pale walipochoma kupanda. Pembeni ya duara kuna nywele chache zimebaki, na nyingine zinatoka mbili tatu kwenye tundu moja, kama nyuzi za brashi. Kwenye ukingo huo ndipo panapochoma zaidi. Sijawahi kupatazama kwa utulivu namna hii. Nimezima tochi nikakaa tu.

Kama ni chai, basi hongera, nimeinywa peke yangu miaka sita.

Zamu_ya_Usiku
Dada yangu, asante kwa kuangalia. Najua haikuwa rahisi.

Mimi si daktari na huwezi kupimwa kwa maandishi. Lakini unayoyaeleza ndiyo yanayomfanya daktari wa ngozi ashuku upara wa makovu, ule unaoanzia utosini na kutanuka kuelekea nje. Unawapata zaidi wanawake weusi. Chini ya ngozi kuna uvimbe unaoshambulia shina la nywele mpaka linageuka kovu, na shina likishakuwa kovu halioti tena. Mwaka 1968 madaktari waliuandika kama upara wa kitana cha moto, kile cha kunyooshea nywele, wakaamini lawama zote ni za kitana. Mwaka 2019 watafiti walikuta kwa baadhi ya wagonjwa hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie ulijitakia mwenyewe.

Kwa nini nimekazania kuchoma? Kwa sababu kuchoma kunaweza kuwa ishara kwamba ugonjwa bado unaendelea. Ukipanda juu ya ugonjwa unaoendelea, ugonjwa huo unavishambulia vipandikizi vipya kama ulivyoshambulia nywele za asili, na jeraha lenyewe la kupanda linaweza kuuchochea. Wanaopandikizwa wakiwa na hali hii hutibiwa kwanza, dawa za kutuliza uvimbe za kupaka au kuchomwa sindano kichwani, wengine na vidonge. Wakishatulia mwaka mzima au zaidi, hujaribiwa kwa vipandikizi vichache sehemu ndogo, waone vinashika au la. Hata hapo matokeo si kama ya ngozi isiyo na kovu.

Na neno moja kuhusu kisogo. Umesema pameota vizuri. Zilizoota ni zile walizonyoa. Mashina 1,500 waliyotoa hayarudi. Kisogo si ghala lisiloisha, na ukilimaliza sasa, siku utosi ukiwa tayari hutakuwa na cha kupanda.

Kipimo chenyewe usikiogope. Wanapiga ganzi, wanatoa kipande cha milimita 4, wanashona nyuzi moja au mbili. Mwombe asikate pale katikati penye kovu, akate ukingoni ambako nywele bado zipo, ndiko ugonjwa unakoonekana.

Kipara_Mstaafu
Dada, niliyokuambia nayarudisha. Nilizungumzia upara wa kiume, ambao haumi wala hauchomi. Nilikupa matumaini ya kichwa changu.

Mpekuzi_77
Mimi bado naona uzi ulianza vibaya. Lakini ushauri wa kupima kwanza nauunga mkono, uwe wa kweli au wa kutunga, maana kuna anayesoma kimya ambaye panamchoma.

Nasubiri_Nywele
Na hela niliyotanguliza? Nikighairi wanasema hairudi. Si bora nifanye tu, kipimo kije baadaye?

Zamu_ya_Usiku
Hapana, dada. Waandikie, usipige simu, kwa maandishi. Waambie una dalili za ugonjwa wa ngozi ambazo hazikupimwa, na unaomba kuahirisha hadi majibu yatoke. Usiseme umeghairi, sema unaahirisha. Daktari mwenye kujali hatakataa kusubiri majibu ya maabara. Akikataa, atakuwa amekuonyesha ni mtu wa aina gani kabla hajakushika kichwa tena.

Mama_Pacha
Ukienda usiende peke yako.

Nasubiri_Nywele
Siku 12 baadaye.

Nimetoka kukatwa asubuhi hii. Nilienda kwa daktari yuleyule niliyemkimbia. Alinikumbuka, hakunigombeza. Aliniuliza panachoma lini, tangu lini, nani katika ukoo ana hali kama hii. Nikakumbuka shangazi yangu alikuwa havui kitambaa hata usiku, na hatukuwahi kumuuliza kwa nini.

Kipande chenyewe ni kidogo kuliko kifutio cha kwenye penseli. Alichukua ukingoni, nyuzi mbili. Ganzi ndiyo iliyouma, mengine sikuyasikia. Dada yangu alinishika mkono. Nilimwambia yote tukiwa njiani.

Kanipa dawa ya kupaka wakati tunasubiri. Majibu ni wiki mbili. Kliniki niliwaandikia kuahirisha kama ulivyonielekeza, Zamu. Wamesoma, hawajajibu.