Tupeane uzoefu: umewahi kusafiri nje ya nchi peke yako, na huendi kwa mtu?

BintiUjiji

Habari zenu wakuu. Wazee wangu, shikamooni.

Nina miaka 34, nauza kwenye duka la dawa Mwanga, hapa Kigoma, kulala nalala Ujiji. Mwezi ujao nina likizo ya siku kumi na nne, na safari hii sitaimalizia kufua mapazia. Naenda Kigali, Kampala, halafu Jinja. Peke yangu. Sina mgonjwa huko, sina harusi, sina msiba, sifuati mzigo. Natembea tu.

Kwa nini Jinja? Nimekua nikipita nje ya ukuta wa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, naona watalii wanaingia na kutoka. Shuleni tukaambiwa Burton na Speke walifika hapa 1858, Livingstone akaja kukutwa na Stanley 1871, na wote hao walikuwa wanasumbuliwa na jambo moja: mto Nile unaanzia wapi. Ndiyo huko Jinja, Uganda, unakotokea Ziwa Viktoria. Watu wametoka Uingereza, wakapita mlangoni kwetu wakiulizia mto. Mimi ninayekaa mlangoni sijauona. Hiyo ndiyo sababu yangu. Mkitaka kucheka chekeni.

Tatizo liko nyumbani. Nilipomwambia mama, aliuliza neno moja: "Unaenda kwa nani?" Nikasema siendi kwa mtu. Akanyamaza, akaendelea kuchambua dagaa wake. Kesho yake shangazi akapiga simu kutoka Uvinza: "Unaenda kwa nani?" Jirani naye, mkono umeshika kiuno: "Kwani huko una nani?" Nimeanza kujiona kama naficha kitu.

Pasipoti ninayo, nililipia 150,000 na ni ya miaka 10, kwa hiyo hata wakinizuia mwaka huu bado nina tisa za kujaribu. Chanjo ya homa ya manjano nimechoma mapema, maana ile kadi inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Waliowahi kutoka peke yao naomba mtuambie: ulijiandaaje, wapi palikushinda, na nini ulikionja ambacho hukukitegemea? Si lazima iwe Uganda.

Kapteni Hela

Dada, hiyo hela ongezea ununue kiwanja Gungu. Mto hauhami.

BintiUjiji

Kiwanja ninacho Kapteni. Nacho hakihami.

Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. Huyo Kapteni mwache, atazikwa na hati miliki.

Mimi mwaka 2003, nimelipwa mafao yangu, nilipanda meli ya Liemba mpaka Mpulungu, Zambia. Kule sikuwa na mtu. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba nilikuwa na mke mdogo Kasanga.

Liemba ninyi vijana mnaijua kwa kuiona imefungwa kamba bandarini. Mjerumani aliiunda kwao 1913, akaileta vipandevipande, ikafika Kigoma kwa reli hiihii niliyoitumikia. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili Mwingereza asiipate, naye Mwingereza akaja kuiibua 1924. Chombo kilicholala chini ya maji miaka minane, halafu mtu akuambie wewe umezeeka kusafiri.

Tuliondoka Jumatano jioni. Nilikata daraja la tatu nikijifanya mjanja. Nilibeba sanduku la chuma badala ya begi, na sikubeba shuka. Sanduku likawa kiti, meza na mto wa kulalia, na mgongo wangu ukalipa gharama. Lakini usiku ule siusahau. Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Meli inapiga honi gizani, inasimama majini, na baada ya kitambo unaona taa za mitumbwi zinakuja kama vimulimuli. Hapo ndipo vurugu inaanza: mama ana mtoto mgongoni anadaka ngazi, magunia ya dagaa yanarushwa juu, kuku wanapiga kelele, mtu anamtukana mtu, mtumbwi mwingine unagonga ubavu. Halafu honi tena, kimya, ziwa na nyota. Nilikaa ukingoni mpaka alfajiri. Ningekuwa na mwenzangu tungepiga soga mpaka tupitiwe na usingizi.

Mpulungu tuliingia Ijumaa asubuhi. Nikawahi basi la Mbala saa kumi na mbili, nikakuta stendi imelala. Nikapiga kelele kwamba wameniibia nauli. Kumbe Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja! Rwanda nao wako nyuma kwa saa moja, mwanangu, ila Uganda ni sawa na huku. Kwa hiyo ukitoka Kigali kwenda Kampala utapoteza saa hapo katikati. Andika mahali, maana ndiyo inayokosesha watu mabasi.

Mbala kulikuwa na baridi. Ndiko Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani, alikosalimisha majeshi yake Novemba 1918, vita Ulaya vimeshakwisha wiki mbili nyuma, na mimi nilitaka kupaona. Nilipaona. Jioni nikakaa chumbani nikajiuliza nimefuata nini huku, mtu mzima na akili zangu. Siku ya tatu huwa ndiyo ngumu, usikate tiketi ya kurudi siku hiyo. Nilitoka nikaenda kwa mama mmoja wa sokoni, akanipa nshima, ndiyo ugali wao, na kapenta. Nikaonja, nikamwangalia, nikaonja tena. Dagaa! Wa ziwa lilelile! Nimetoka Kibirizi siku mbili na usiku mbili kuja kula dagaa kwa jina lingine. Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akaniongezea.

Namba za simu ziandike kwenye karatasi, usizitegemee zilizo kwenye simu.

Mkasulu Halisi

Shikamoo mzee, hiyo ya mke mdogo umeniua.

Dada, njia yako ndiyo niliyopita 2017: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, unakwenda kuvuka Rusumo. Kwanza, kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Wenye makubaliano ya kuvuka kwa vitambulisho ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Sisi ni pasipoti au hati ya safari.

Pili, mifuko. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Huku kwetu 2017 rambo zilikuwa bado halali, na mama yangu, Muha wa kweli, alikuwa amenifungia karanga kwenye rambo, viatu kwenye rambo, na mswaki kwenye rambo. Pale Rusumo begi likamwagwa mezani mbele ya watu. Nikavuka mpaka nimekumbatia viatu kifuani kama mtoto mchanga. Siku hizi na kwetu rambo zimekatazwa, ila kagua begi lako vizuri, mama hawaishi kuficha vitu.

Kigali magari yanapita kulia. Nilijua, nilisoma, na bado siku ya kwanza nilitazama upande ambao siyo, nikasikia breki. Ukipanda pikipiki unapewa helmeti na wewe abiria, usikatae ukidhani ni mbwembwe.

Sasa lililonibaki moyoni. Nilifika Ijumaa, Jumamosi saa mbili asubuhi natoka kutafuta chai, mji mtupu. Maduka yamefungwa, hakuna gari. Nikadhani kuna mapinduzi. Kumbe ni umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wote wanatoka kufanya usafi na kazi za mtaa. Pale Nyamirambo mzee mmoja akaniona nimesimama kama mlingoti, akanipa jembe. Nikachimba mtaro na watu nisiowajua mpaka saa tano. Wakaniamkia "mwiriwe", nami nikajibu kwa Kiha "mwidiwe", wakaanguka kicheko. Kutwa nzima walikuwa wananisemesha ili wasikie hiyo "di". Nilikula kwao siku zote tatu zilizobaki. Ningekuwa na mwenyeji, angenifungia ndani Jumamosi ile.

Ubaya ulikuja kurudi. Kwenye kizuizi kimoja huku kwetu, sitakitaja, nilishushwa kwenye basi nikaulizwa jina la babu, la mwalimu mkuu wa darasa la kwanza na la mwenyekiti wa kijiji. Pasipoti nimeishika mkononi! Sisi wa Kigoma mnatujua, ukiongea tu unaonekana umetoka ng'ambo. Kwa hiyo beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Haitakiwi popote, lakini beba.

Mama Nyuki, Tabora

Hapo kwenye jina la babu nimeumia kwa niaba yenu.

Mimi ni mfanyabiashara wa asali, nipo Isevya. Babu zetu Wanyamwezi walitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo na pembe kichwani, kwa hiyo mimi kupanda ndege kwenda Guangzhou 2018 niliona ni jambo dogo. Nilitaka mashine ndogo ya kufungashia.

Asali yangu ya kuonyesha wateja, lita nzima ya miombo, niliibeba kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye uwanja mmoja ikatolewa: kimiminika kisizidi mililita 100. Nikawaambia asali si kimiminika, asali ni chakula. Wakacheka lakini wakaichukua. Wadogo zangu, cha majimaji chochote kiende kwenye begi la chini, kimefungwa mara tatu.

Kufika China, simu bubu. WhatsApp haifungui, Google haifungui, na mimi ramani na anwani ya hoteli vyote nimeviweka humo humo. Siku mbili nyumbani Tabora wanajua nimekufa, mjomba ameshaanza kupanga kikao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ilikuwa kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina. Niliomba kadi tatu: moja mkobani, moja kwenye kiatu, moja kwenye sidiria. Popote nilipopotea nilitoa moja, nikaonyesha dereva, nikafika.

Niliyoyapenda? Maji ya moto. Unakaa mgahawani, kabla ya chochote unaletewa maji ya moto matupu, hayana majani wala sukari. Siku ya kwanza nilidhani wamesahau majani. Siku ya tano nilikuwa nayaagiza. Mpaka leo nayanywa, na mume wangu anasema nilirudi na uchawi.

BintiUjiji

Nawasoma mpaka mteja wa Panado anasubiri. Asanteni.

Niseme ukweli, mpaka sasa mpaka na pesa havinitishi. Kinachonitisha ni kula peke yangu. Kuingia mgahawani usiku, kukaa meza ya watu wanne, mtu mmoja, na watu wanakuangalia. Hapa Ujiji sijawahi.

Bin Buzebazeba

Dada hiyo naijua. Niliwahi kufuturu peke yangu.

Mwaka 2016 nilikwenda Uppsala, Sweden, kozi ya miezi mitatu, na Ramadhani ikaangukia Juni. Kigoma jua linazama saa moja kasoro. Kule saa nne usiku limening'inia tu, linakutazama. Linazama saa nne na kitu, na saa tisa na nusu limeshachomoza. Saa kumi na tisa bila tone la maji. Wapo Waislamu wa kule wanaofuata saa za Makka, mimi ubishi wa Ujiji ukanitoa jasho.

Lakini njaa haikunishinda. Kilichonishinda ni kukaa jikoni kwenye jengo la wanafunzi, samaki wetu mgebuka, mkavu wa mama, ameloekwa, tende tatu kwenye kisahani, na hakuna wa kumwambia karibu. Siku ya kwanza nilisema "karibu" kwa sauti. Jiko tupu.

Siku ya nne nikahamia dirishani, nikawa nafuturu naangalia nje. Usiku wa kule Juni haufiki kuwa giza, anga inabaki ya buluu, ndege wanalia. Nikaanza kula polepole. Sijawahi kumla mgebuka polepole hivyo maisha yangu yote, nyumbani ukizubaa kaka zako wamemaliza. Niligundua kuna nyama shavuni pake ambayo kwa miaka 28 nilikuwa namwachia paka.

Baadaye nilikutana msikitini na familia ya Wasomali wa Kismayu, mama yao anaongea Kibajuni, nikaacha kufuturu peke yangu. Ila lile dirisha huwa nalikumbuka.

Chukua meza ya ukutani, agiza kitu chenye miba. Ukiwa na miba hakuna anayekushangaa umeinama.

Mtabora wa Kampala

Haraka haraka. Kampala ukisikia "takisi" ni daladala, usiogope bei. Rolex si saa, ni chapati imeviringishiwa mayai, kula ya barabarani asubuhi. Jinja usitegemee maporomoko: yale aliyoyaona Speke 1862 yalifunikwa na maji bwawa la umeme lilipokamilika 1954. Utapata mashua, maji yanayozunguka, na sanamu ya Gandhi, sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Wengine wanarudi wamenuna. Na mpakani hesabu pesa yako mwenyewe kabla hujaondoka mbele ya mbadilishaji, shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, sifuri zinachanganya.

Kapteni Hela

Kwa hiyo anakwenda kuangalia maporomoko ambayo hayapo.

Mzee wa Reli

Kapteni, nenda kalale.

BintiUjiji

Wakuu, naandikia Jinja. Siku ya tisa.

Mkasulu, mama alikuwa ameficha rambo mbili. Nilizikuta Nyakanazi. Mzee wangu, saa moja nimeipoteza kama ulivyosema, na siku ya tatu, Kigali, nililia kidogo bafuni halafu nikaenda kununua ndizi.

Maporomoko hayapo kweli. Mwenye mashua alizima injini katikati, maji yakawa yanatusukuma yenyewe kuelekea kaskazini, akasema mpaka yafike baharini Misri ni miezi mitatu. Nilitumbukiza mkono. Basi.

Sasa hivi nimekaa meza ya ukutani, nina sato mzima mbele yangu, hapa wanamwita ngege, na miba yake. Dada anayehudumu ameuliza, "Uko peke yako?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akaniletea ndimu.

Nimempigia mama nimwelezee mto. Amesikiliza mpaka mwisho. Akauliza, na dagaa wapo? Nikamwambia wapo, wanaitwa mukene, wa Ziwa Viktoria. Akasema nimletee kilo moja aone kama wanawazidi wa Kibirizi, na niulize bei ya jumla.